Jumuiya za Kidini na Ufufuaji wa Mji: Butembo na Njia ya Alimbongo

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi yanayohusu nafasi ya jumuiya za kidini katika ufufuaji wa miji yametungwa kwa kuitazama miji ya Ulaya na Marekani. Huko viwanda vilifungwa, mitaa ikahamwa, na majengo ya ibada yaliyobaki yakawa mahali pa kuanzia upya. Butembo, mji mkubwa wa nchi ya Wanande katika Kivu ya Kaskazini, haukupitia njia hiyo. Watu wake waliongezeka katika miaka ileile ambayo mamlaka ya serikali yalikuwa yakififia, na barabara zake ziliharibika wakati biashara yake ikistawi. Kwa hiyo swali linalotukabili si jinsi mji uliochakaa ulivyorudishiwa uhai, bali jinsi mji ulivyoendelea kujengwa pale ambapo mjenzi wake rasmi hakuonekana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jumuiya za kidini ziliupatia mji huo kitu ambacho fedha peke yake hazikuweza kukitoa, yaani mahali pa kuhesabiana. Tunakusudia mahali ambapo mchango hutangazwa, kazi hugawanywa, na asiyetimiza ahadi hujulikana kwa jina lake. Aidha, tutajaribu kuonyesha mpaka wa nguvu hiyo. Kazi iliyoweza kugawanywa kilima kwa kilima ilifanyika. Ile iliyodai mamlaka moja juu ya mji mzima ilibaki nyuma.

Kabla ya kuendelea, inafaa tulitaje neno moja. Katika Kiswahili cha Kivu kitenzi kutengeneza hubeba maana ya kuunda na maana ya kurekebisha pamoja. Mtu hutengeneza kiti kipya, na hutengeneza barabara iliyokatika. Ufufuaji wa mji tunaouzungumzia hapa uko katika maana hizo mbili, kwani Butembo iliundwa na kurekebishwa kwa wakati mmoja.

2.0 Mji na njia inayoulisha

Ikweta inapita kati ya Lubero na Butembo. Mji umeenea juu ya vilima vingi, na leo una komuni nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Kaskazini, umbali wa kilomita 55 hivi, ipo Beni. Mashariki iko njia ya kwenda mpaka wa Kasindi na Uganda. Kusini barabara ya taifa namba 2 inapanda hadi Lubero, Kitsombiro na Alimbongo, kisha inateremka kuelekea Kirumba, Kanyabayonga na hatimaye Goma.

Alimbongo ni kituo kidogo, lakini umuhimu wake haupimwi kwa idadi ya nyumba zake. Kiko katika nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, penye viazi ulaya, maharagwe, kabichi na ngano. Chakula hicho hushuka Butembo, na kutoka huko kilipelekwa hata Kisangani na Kinshasa. Mvua za milimani hugeuza udongo kuwa tope, na lori moja likikwama hufunga njia kwa siku kadhaa. Kwa mkazi wa Butembo, barabara ya Alimbongo si jambo la nje ya mji. Bei ya sahani yake inategemea hali ya barabara hiyo. Ndiyo sababu hatuwezi kuandika historia ya ufufuaji wa mji huu tukaishia kwenye mipaka ya komuni zake.

3.0 Misheni kabla ya mji

Vituo vya dini vilitangulia kuwapo kabla ya Butembo kuwa mji. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs iliweka makao yake Butembo, na wafanyakazi wakaanza kukusanyika. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1929, mapadre wa shirika la Assomption waliingia Kongo na kupewa eneo la Beni na Lubero. Misheni ya Beni ilitengwa kuwa eneo la kanisa linalojitegemea mwaka 1934, ikawa vikarieti mwaka 1938 chini ya Henri Piérard, na ikawa jimbo mwaka 1959. Upande wa Waprotestanti, wamisionari Wabaptisti walioongozwa na Paul Hurlburt walifungua vituo Kitsombiro, kwenye barabara ileile ya Alimbongo, na Katwa, ambayo leo imeungana na Butembo.

Misheni ilikuwa na umbo lake: kanisa, shule, zahanati, karakana ya useremala, tanuri la matofali na shamba. Kwa macho ya leo tungesema lilikuwa umbo la mtaa uliokamilika. Kila misheni iliwafundisha vijana ufyatuaji wa matofali, upimaji wa msingi na uwekaji wa hesabu katika daftari. Hatupaswi kusahau kwamba kazi hizo zilifanyika chini ya ukoloni. Ardhi ilitolewa na serikali ya Wabelgiji, na ridhaa ya wenyeji haikuwa huru daima. Hata hivyo ujuzi ulibaki mikononi mwa wenyeji baada ya mkoloni kuondoka.

Tofauti kati ya madhehebu haya mawili iliacha alama. Shule za misheni za Kikatoliki zilipata ruzuku ya serikali tangu miaka ya 1920. Waprotestanti waliruhusiwa kuipata tangu mwaka 1948. Wamisionari Wabaptisti wa Kivu waliikataa kwa imani kwamba kanisa lisichanganyike na dola. Waamini wao Wanande hawakuridhika, kwa sababu waliona watoto wa majirani wakisonga mbele kielimu. Mgogoro huo ulikuwa mkali wakati wa uhuru, na uongozi wa kanisa hatimaye ukaingia mikononi mwa wenyeji. Jumuiya ya Wabaptisti inayojulikana leo kwa kifupi kama CBCA ilizaliwa katika historia hiyo. Somo lililobaki ni kwamba shule ni mali ya wale wanaoigharimia, na kwamba waamini wanaweza kuidai hata mbele ya wachungaji wao.

4.0 Miaka ya serikali kupungua

Mwaka 1966 Emmanuel Kataliko aliwekwa kuwa askofu, na mwaka 1967 jimbo la Beni likapewa jina la Butembo-Beni. Badiliko hilo la jina lina maana kwa mwanahistoria. Beni ilikuwa makao ya utawala wa teritwari. Butembo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Lubero. Kanisa lilitambua uzito wa Butembo miaka mingi kabla serikali haijaipa hadhi ya mji.

Miaka ya 1970 ilileta misukosuko. Mwaka 1973 mali za wageni zilitaifishwa, na mwishoni mwa mwaka 1974 shule za makanisa nazo zikachukuliwa na dola. Jaribio hilo halikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ya Zaire ilitia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, ikawarudishia usimamizi wa shule huku ikibaki na wajibu wa kulipa walimu. Wajibu huo ulipungua mwaka hadi mwaka. Baada ya mgomo mkubwa wa walimu katika miaka ya 1992 na 1993, maaskofu na wawakilishi wa wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachangie mishahara ili shule zifunguliwe. Lililoonekana kuwa dawa ya muda likawa desturi. Serikali haikuanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo nchini kote hadi mwaka 2019.

Katika afya mambo yalifuata njia iyo hiyo. Wakati Zaire ilipogawanywa katika kanda za afya 306 miaka ya 1980, nyingi zilitegemea hospitali za makanisa, na mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981, ulipitia Kanisa la Kristo la Zaire. Katika nchi ya Wanande hospitali za Matanda, Katwa, Musienene na Kyondo ni ushahidi wa mpango huo. Alimbongo nayo ni makao ya kanda ya afya.

Kataliko aliwahimiza waamini kutengeneza barabara, kujenga shule na kupanua hospitali. Jambo lililomtofautisha halikuwa kuhimiza tu, kwani chama kimoja cha Mobutu nacho kilihimiza. Tangu miaka ya 1970 kila raia alitakiwa kufanya kazi ya salongo, kazi ya pamoja bila malipo, na wengi waliikwepa walipoweza. Kwa nini basi mtu aliyekimbia salongo Jumamosi alibeba mawe ya shule siku nyingine kwa hiari? Jibu liko katika mpangilio wa kazi yenyewe. Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogondogo za msingi kuwa nguzo ya kanisa. Katika Kivu jumuiya hizo huitwa shirika. Shirika ni nyumba chache zinazojuana, zenye kiongozi, mtunza hazina na daftari. Parokia ikikusudia kujenga, shirika moja hupewa mawe, jingine mchanga, jingine maji. Mchango husomwa hadharani. Jengo linaonekana likipanda, na mtoto wa mbebaji ndiye atakayesomea humo. Katika salongo, kinyume chake, mtu hakujua aliyenufaika.

Wafanyabiashara waliingia katika mpango huo kwa namna yao. Vwakyanakazi Mukohya, katika tasnifu yake ya mwaka 1982 kuhusu wafanyabiashara wa Butembo kati ya 1960 na 1980, alionyesha jinsi matajiri hao walivyojenga mitaji yao nje ya njia rasmi. Kahawa, dhahabu na mboga zilitoka; nguo, pikipiki na vyuma vilirudi kupitia Kasindi, na baadaye kutoka Dubai na Mashariki ya Mbali. Biashara isiyoandikwa serikalini inahitaji kuaminiana, na kuaminiana kunahitaji mahali pa kuonekana. Mfanyabiashara aliyetoa mabati ya kanisa alitoa sadaka, na papo hapo alijitambulisha kuwa mtu wa kukopeshwa. Hatusemi kwamba imani yake ilikuwa ya hila. Tunasema kwamba ibada na dhamana ya mkopo zilikutana katika jengo moja.

Kilele cha kipindi hiki ni mwaka 1989, serikali ilipolegeza sheria na kuruhusu vyuo vikuu vya binafsi. Jimbo likaanzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Kijana wa Butembo hakulazimika tena kwenda Kisangani au Kinshasa ili asomee udaktari, sheria au kilimo. Chuo kiliufanya mji ubaki na wasomi wake, jambo ambalo hakuna barabara ingeweza kulitenda peke yake.

5.0 Vita na kongamano la mwaka 2001

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliondoa hata mabaki ya utawala. Kataliko alihamishiwa Bukavu mwaka 1997, kushika nafasi ya Christophe Munzihirwa aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Jimbo la Butembo-Beni likampata Melchisédech Sikuli Paluku mwaka 1998. Baada ya ujumbe wake wa Krismasi wa mwaka 1999, ulioshutumu ukandamizaji na uporaji, Kataliko alizuiwa na waasi wa RCD kurudi Bukavu. Kuanzia Februari hadi Septemba 2000 aliishi uhamishoni, na mahali pa uhamisho wake palikuwa Butembo, mji alioutumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Alirudi Bukavu tarehe 14 Septemba 2000 na kufariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo.

Miezi michache baadaye Butembo ilipata wageni wasiotazamiwa. Kongamano la kimataifa la amani, lililokuwa limekusudiwa kufanyika Bukavu, lilikataliwa huko na likahamishiwa Butembo. Kuanzia tarehe 27 Februari hadi 1 Machi 2001 mamia ya Wazungu, wengi wao Waitalia, walikaa mjini pamoja na wajumbe wa Kongo chini ya uangalizi wa makanisa, wakati nchi imegawanyika na majeshi ya kigeni yako ndani yake. Mji usio na hoteli za kutosha wala umeme wa mtandao wa taifa uliwalaza na kuwalisha wageni hao. Tunalitaja tukio hili kwa sababu mpangilio wa kila Jumapili, ule wa vilima, parokia na madaftari, ulitumika kufanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na dola.

Katika miaka hiyohiyo wafanyabiashara walichangia matengenezo ya barabara na kiwanja cha ndege cha Rughenda. Timothy Raeymaekers na Patience Kabamba, kila mmoja kwa mtazamo wake, wameieleza Butembo kuwa mji uliojitengenezea utaratibu katikati ya vita. Maelezo yao yameweka uzito kwa mfanyabiashara. Sisi tunaona kwamba mfanyabiashara hakuwa peke yake, na kwamba nidhamu ya kuchangia aliikuta tayari imezoeleka katika shirika na katika kanisa la Wabaptisti.

6.0 Lugha ya kazi

Mtafiti wa lugha anaweza kuongeza jambo ambalo mwanauchumi halioni kwa urahisi. Kazi za pamoja za Butembo hufanyika katika lugha tatu, na kila lugha ina zamu yake. Kifaransa ni lugha ya barua kwa wafadhili na ya mapatano na serikali. Kinande ni lugha ya kilima na ya ukoo. Ndicho kinachotumiwa kumsihi mzee atoe kipande cha ardhi. Kiswahili ni lugha ya soko, ya wageni na ya matangazo yanayosomwa mwishoni mwa ibada.

Msamiati wenyewe unasimulia historia. Salongo na likirimba, yaani chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, yanatoka upande wa Lingala. Shirika na sadaka ni maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu; misheni na parokia yalikuja na Wazungu. Neno sadaka ni la kutazamwa zaidi. Waislamu wa Beni na Butembo, ambao ni wachache, wanalitumia kama Wakristo wanavyolitumia, na Kiswahili chenyewe kilifika pande hizi pamoja na misafara ya Waungwana kabla ya misheni. Basi lugha iliyowaunganisha Wakatoliki na Waprotestanti katika kuchangishana iliandaliwa kwanza na watu wa dini nyingine. Ni jambo la haki kulikumbuka, kwa kuwa historia za mji huu huwasahau Waislamu mara nyingi.

7.0 Mipaka ya nguvu hiyo

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusifu. Ushahidi hauturuhusu. Shule, zahanati, chemchemi na daraja dogo vilijengwa kwa sababu kila kimoja kina watu wake wanaokiona kila siku. Mpango wa mitaa, mifereji ya maji ya mvua na hati za ardhi havina kilima kimoja kinachovimiliki. Maji yanayotoka kwenye mtaro wa parokia moja hubomoa nyumba za parokia iliyo chini yake, na hakuna daftari la shirika linaloandika hasara hiyo.

Pwani ya Afrika Mashariki inatupa mfano wa kulinganisha. Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa na wakfu: nyumba, duka au minazi iliyotengwa daima ili kodi yake itunze msikiti, kisima au madrasa. Wakfu huwa na msimamizi, na pato lake halitegemei moyo wa watu wa siku ile. Butembo ilijengwa kwa mchango unaoombwa upya kila mara. Mchango una nguvu wakati wa kujenga. Wakati wa kutunza hulegea, kwa kuwa kuziba tundu la paa hakusomwi hadharani kwa shangwe kama kuezeka.

Mtihani mkubwa ulikuja na Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika eneo la Beni na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani watu 3,470 waliugua na 2,287 kufariki. Fedha na wataalamu walikuja kwa wingi, ila mahali pa kuhesabiana hapakuwapo. Watu waliokwisha kuona mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014 bila kulindwa waliuliza kwa nini magari mengi yamekuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Ukuta uliojengwa na waamini haukumlinda. Jumuiya za kidini zilihubiri, lakini nazo zilikuwa na washirika wasioamini kwamba ugonjwa upo. Hapo ilidhihirika kwamba imani inayokusanya mawe haitoshi kukusanya ukweli, iwapo mamlaka ya kuusema ukweli huo yameharibika kwa miaka mingi.

Mpaka mwingine ni wa watu. Daftari la shirika linamjua mwenye makao. Mkimbizi aliyefika kutoka Beni baada ya 2014, au kutoka kusini ya Lubero baada ya M23 kuiteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na Alimbongo mwezi Desemba mwaka huohuo, alipokewa katika familia, madarasa na makanisa. Alipokewa kama mgeni. Ugeni ukidumu, atahitaji kuhesabiwa kama mwenyeji, yaani kuombwa mchango na kuulizwa maoni. Hilo halijapata utaratibu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba jumuiya za kidini ziliifufua Butembo kwa kuwapa watu mahali pa kuhesabiana, na kwamba nguvu hiyo ilikuwa kubwa palipo na watu wanaojuana na ndogo palipohitaji mamlaka ya mji mzima. Kutoka hapo yanatokea mambo mawili. La kwanza ni la kisiasa. Kila mara makanisa yalipobeba mzigo wa dola, dola ilijifunza kuuacha. Miaka zaidi ya ishirini na mitano ya wazazi kulipa walimu ni ushahidi. Jumuiya ya kidini inayoupenda mji wake haina budi kujenga na kudai kwa wakati mmoja.

La pili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Historia tuliyoigusa imeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili na Kinande, katika madaftari ya mashirika, ya mashemasi na ya kamati za ujenzi. Yanaonyesha nani alitoa mawe mangapi, siku gani, kwa ajili ya jengo lipi. Ni hazina ya mwanahistoria na ya mwanaisimu pia, kwa kuwa humo kimo Kiswahili cha kazi ambacho hakikuwahi kupita mikononi mwa mhariri. Yamo makabatini, katika nyumba ambazo vita vimezifikia au vinaweza kuzifikia. Kuyanakili kunahitaji kamera, karatasi na wanafunzi wachache waliofundishwa, na kazi hiyo ianzie kwenye njia ya Alimbongo, kwa sababu ndiko wenye madaftari walikohama kwanza.